Kisanduku Kisicho na Kufuli

Na ile kufuli usiitafute ndani ya mizigo yako, Solange. Nimeitoa mimi. Mchana, tulipokuwa tunakunja mashuka, uliniuliza mara mbili iko wapi, na mara mbili nikakujibu kwamba lazima imeingia kwenye blanketi. Haimo kwenye blanketi. Kisanduku kichukue, ni chuma kizuri, hakina kutu, na umekipenda tangu ulipokuwa mdogo. Kufuli inabaki hapa, na ndiyo sababu nimekaa mezani kukuandikia wakati wewe umekwenda kuaga wenzako wa korali. Nilitaka kukuambia kwa mdomo. Nimejaribu tangu Jumapili. Kila nikifungua mdomo yanatoka maneno ya mito na vyandarua.

Kwa hiyo ya mito na vyandarua nayaacha. Umekulia katika nyumba inayolaza wageni, unajua shuka inavyotandikwa isiwe na mkunjo, unajua maji ya kuoga yapashwe moto kabla mgeni hajauliza, na sabuni iwe mpya hata kwa mtu wa siku moja. Nyumba ya marehemu papa yako kule Kalengera ina vyumba vitatu na magari ya Rutshuru na Bunagana yanapita mbele ya mlango. Wageni utapata. Hilo halinipi hofu.

Hofu yangu ni ya kesho asubuhi. Unapanda basi, njiani kuna vizuizi, na wewe kama kitambulisho una ile karatasi tu inayosema umepoteza karte yako ya uchaguzi. Ndani ya barua hii kuna bahasha ndogo. Utakuwa umeshaigusa. Tafadhali usiifungue mpaka usome mpaka mwisho, ingawa najua ukubwa wake unatosha kukuambia kilichomo. Sikukosea bahasha. Soma tu.

Kisanduku kina historia ndefu kuliko wewe. Volkano ya kwanza ilinikuta msichana, nimemaliza sekondari na bado sijaolewa na papa yako. Moto ule ulipita katikati ya mji ukala nyumba ya baba yangu mpaka msumari wa mwisho. Sisi wote tulitoka wazima, kwa hiyo sikulia nyumba. Nililia diploma yangu. Ilikuwa ukutani, nyuma ya kioo, na mama alikuwa anaipangusa kila Jumamosi. Tuliporudi, mawe yalikuwa bado yanafuka moshi, na mimi nilisimama juu ya mahali palipokuwa sebule nikatambua kwamba tangu siku ile nitakuwa mtu anayesema "nimesoma" bila cha kuonyesha. Ndipo nilipojiapia kwamba karatasi yoyote nitakayoipata maishani italala ndani ya chuma. Kisanduku ndicho kitu cha kwanza nilichonunua nilipoolewa, kabla ya sufuria. Papa yako alinicheka mpaka akakaa chini. Alisema: "Bibi mupya analeta coffre-fort kama ya banki, na ndani yake ataweka nini, vitunguu?"

Papa yako alipofariki, akatuachia nyumba hii ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi, nilianza kulaza watu kwa siku chache chache kwenye vile vyumba viwili vinavyotazama barabara. Nilikuwa sijui kitu. Mgeni wa kwanza alikuwa muuguzi kutoka Beni, amekuja kwenye mafunzo ya wiki mbili. Wewe ulikuwa na miaka kumi, utamkumbuka, alikuwa na miwani yenye kamba. Mimi nilimpokea kama tunavyopokea mtu wa ukoo. Kwetu mgeni haachwi peke yake, si kweli? Basi sikumwacha. Asubuhi nilimkalisha mbele ya ndizi za makemba na samaki wa sambaza mpaka amalize, jioni nilikwenda kukaa kitandani kwake nimsimulie habari ili asione upweke. Akisema anatoka kidogo, nakutuma wewe umsindikize. Siku ya nne alifunga begi.

Nikamuuliza: "Nimekukosea nini, mama?"

Akanishika mikono yote miwili. "Hapana, mama. Uko na roho muzuri sana. Lakini mie nilikuya kulala, sikukuya kuolewa hapa."

Ulicheka mpaka ukajificha nyuma ya pazia. Mimi sikucheka, lakini ndiye aliyenifundisha kazi hii. Mtu anayelala kwako siku tatu anataka mlango. Anataka uweze kufungwa kutoka ndani na uweze kufunguliwa kutoka ndani. Chakula, maneno mazuri, maua mezani, vyote vinakuja baada ya mlango. Laiti ningelishika somo lile lote. Nilishika nusu yake. Niliacha kukaa vitandani mwa watu, nikaanza kushika karte zao.

Sababu ilikuwepo, na sababu ndizo zinazotuponza. Shefu wa avenyu yetu, mkubwa wa mtaa, alitaka majina ya wageni kila jioni, na mimi niliona ni rahisi kuchukua karte ya mgeni akiingia, kumpelekea shefu, kisha kuiweka ndani ya kisanduku na kupiga kufuli mpaka siku ya kuondoka. Wengi hapa Goma wanafanya hivyo. Nilijiambia ni usalama wa mgeni mwenyewe, isipotee, isiungue. Tena nilipenda, Solange, lazima niseme ukweli. Nilipenda kujua kwamba hakuna anayeweza kutoka kwangu bila kupitia kwangu. Mjane anapoteza watu wengi. Nilikuwa na ufunguo mmoja mdogo uliosema huyu hataondoka ghafla. Niliuvaa shingoni kwenye uzi, pamoja na rozari.

Kisha akaja Kakule.

Usicheke. Najua unacheka. Nimeolewa wiki tatu tu na umri wangu unaujua, lakini nikiandika jina lake kalamu inapata joto. Alikuja mara ya kwanza mwaka wa volkano ya pili, mfanyabiashara wa maharagwe kutoka Butembo, mjane kama mimi, koti la kijivu na viatu safi, na katika mji huu wenye vumbi jeusi mwanaume mwenye viatu safi nilimwona kama ishara ya mbinguni, ingawa siku hiyo nilijifanya natazama kuku. Aliingia chumba cha pili. Nikamwomba karte. Akaitoa, akaniangalia ninavyoifungia, akasema kwa upole: "Na mie nikiwa nataka kutoka?" Nikajibu: "Utaniomba."

Jioni ya tatu mlima ulipasuka. Kakule alikuwa amekwenda sokoni kutazama lori lake. Wewe uliingia mbio kutoka mazoezi ya korali ukisema anga imekuwa nyekundu, na tulipotoka uani tukaiona nyekundu kweli, nyuma ya paa la majirani, na watu tayari wanapita na magodoro vichwani. Sisi tulichukua godoro moja, chungu, na rozari. Umati wote ulikuwa unashuka kuelekea mpakani, na saa ile walinzi waliuacha upite. Tulivuka tumeshikana mikono. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu unapiga kifuani kila nikikimbia, na nilijua umefungia nini. Sikusahau, mwanangu. Watu nikiwasimulia nasema nilisahau. Nilijua tangu kwenye kona ya kwanza.

Siku ya pili kule Gisenyi, tumekaa kwenye varanda ya shule, wewe ndiye uliyeuliza: "Mama, na ule mugeni wa chumba cha pili?"

Nikakujibu: "Yule ni mwanaume mukubwa." Na nikaufunika ufunguo kwa kitenge.

Tuliporudi siku ya tatu, ardhi ilikuwa bado inatikisika, ukuta wa jikoni umepasuka, na Kakule amekaa kwenye kiti katikati ya uwanja, kisanduku kikiwa juu ya mapaja yake kama mtoto wa mtu. Uso wote jivu. Alikuwa amefagia paa. Alikuwa amewalisha kuku. Barabara ya kaskazini, ya kwake, ilikatwa na mawe ya moto. Alishuka mpakani usiku ule ule, lakini alipofika walikuwa wameanza tena kuuliza karte. Asubuhi alikwenda bandarini, akakuta mashua ya Bukavu inaandika abiria kwa karte. Kwenye njia ya Sake kulikuwa na askari, nao wanataka karte. Akarudi kukaa chini ya mlima unaounguruma, katika nyumba yenye kitu pekee kinachosema yeye ni nani, ndani ya chuma, na ufunguo uko nchi nyingine.

Nilimuuliza swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza. "Juu ya nini haukuvunja?"

"Kisanduku haiko yangu, mama." Akakitazama. "Nilifikiria kukibeba muzima mpaka kwa mupaka, niwaambie basoda benye bunduki: bakubwa, mutu yangu iko umu ndani."

Nikacheka na kulia pamoja. Yeye hakucheka. Alisema, polepole, kama anayenieleza kitu cha bei sokoni: "Moto nilikuwa nauona. Mutu anaweza kukimbia moto. Ile sikujua ni nikimbie kama nani."

Nilifungua. Ufunguo ulianguka mara mbili. Alichukua karte yake akaipangusa kwenye koti, akaiweka mfuko wa shati, akafunga kifungo. Kisha akaniuliza kama tumekula.

Hapo ndipo nilipompenda. Huwa nawaambia watu nilimpenda siku aliponiletea kahawa ya Butembo kwenye kikapu, lakini ni hapo.

Tangu siku hiyo sikushika tena karte ya mgeni. Umeniona mwenyewe: mgeni anaingia, naandika jina na namba kwenye daftari, namrudishia hapo hapo, mkono kwa mkono, wino haujakauka. Kakule alipokuwa anakuja tena, kila baada ya miezi miwili, mitatu, anaiweka mezani kabla sijaomba. "Andika, na unirudishie." Ilikuwa mchezo wetu. Watu wengine wanapeana maua. Na mimi nikaanza kujisifu. Kanisani, kwa kina mama, nilisimulia habari ya kisanduku kama ushuhuda, jinsi Mungu alivyonifungua macho. Walitikisa vichwa. Nilijiona nimepona.

Lakini kisanduku nilikibakiza, na kufuli, na ufunguo shingoni. Nilisema ni kwa karatasi zetu wenyewe. Daftari ya ubatizo wako, hati ya parsele ya nyumba hii, cheti cha kifo cha papa yako. Na karte yako.

Sasa nafika, Solange. Vumilia mama yako.

Mwaka jana waasi walipoingia mjini, tulilala chini ya kitanda siku zile, unakumbuka, godoro limesimama dirishani. Risasi zilipotulia, mji ukafungwa. Uwanja wa ndege umefungwa, benki zimefungwa, barabara ya kwenda Butembo imekatika katikati na vita. Wageni walioingia kwa siku nne wakakaa miezi. Kakule alikuwa mmoja wao. Nilimwona anasimama kila asubuhi kwenye geti akitazama kaskazini, ambako wana wake wako, halafu anarudi kunywa chai, na mimi, naona haya kuandika, mimi nilikuwa nafurahi kila anaporudi. Vita iliyomfungia njia ndiyo iliyonipa mume. Moyo wangu ulikuwa unaruka kama sambaza kwenye wavu, na sambaza ndani ya wavu haruki kwa furaha tu.

Ni wakati ule ule barua ya shangazi yako ilipofika kutoka Kalengera. Aliandika kwamba nyumba ya papa yako inakaa bure, kwamba barabara ya kwenda huko iko wazi, madereva na wachuuzi wanaotoka Bunagana hawana pa kulala, kwamba uje uifungue. Ulinisomea kwa sauti ukiwa umesimama, huwezi kukaa. Ulikuwa tayari umepanga chumba kipi kitapakwa rangi gani. Nilikuangalia na nikasikia baridi. Nilifikiri: huyu naye.

Asubuhi iliyofuata, wewe ukiwa unachota maji, nilifungua kisanduku, nikatoa karte yako, nikainua kile kitambaa cha kitenge kilichotandikwa chini, nikaiweka pale na kurudisha kitambaa. Ulipokuja kuitafuta nikakuambia lazima ilianguka siku zile za risasi.

Nilikusaidia kuitafuta. Hilo ndilo linalonichoma. Niliinua magodoro nawe. Nilipiga magoti nikachungulia chini ya kabati nikitumia tochi. Ulilia, nikakupangusa machozi kwa upindo wa kitenge changu, nikasema Mungu ana sababu zake. Kisha nikakusindikiza ofisini kuchukua karatasi ya kupoteza, tukasimama kwenye mstari tangu asubuhi, na nilipoulizwa mbele ya meza nikathibitisha. Uongo wangu ukagongwa muhuri, nikakukunjia vizuri ndani ya plastiki.

Nilidhani karatasi ile itakuogopesha usisafiri, na nilipata nilichotaka. Ulijaribu mara moja tu. Ulitaka kwenda kuiona nyumba, na kizuizini wakakushusha peke yako, basi likaenda. Walikukalisha kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa kumi. Ulirudi kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, ukasimama mlangoni ukasema: "Mama, karatasi hii ni ya watoto." Ukaenda kulala bila kula. Mimi nilibaki jikoni. Ufunguo ulikuwa hapa hapa, kifuani. Ningeweza kuingia chumbani kwako dakika ile. Nilikuletea chai yenye maziwa.

Mwaka mzima umefungwa katika mji uliofungwa, na moja ya milango ilikuwa ni mimi.

Arusi yangu ulinipambia wewe. Uliazima maua kwa jirani, ulinisuka nywele, ulinifunga kitambaa na kunong'ona kwamba naonekana msichana. Nilikuwa msichana, Solange. Nilitembea kuelekea altareni miguu haigusi chini. Kakule alivaa koti lile lile la kijivu, na viatu vyake vilikuwa vinang'aa kiasi kwamba padri alivitazama. Kama kuna furaha inayoweza kumuua mtu, ilipita karibu.

Siku ya pili ya ndoa yetu, baada ya chai, aliinuka akiwa na mzaha machoni. Akatoa karte yake mfuko wa shati, akainyanyua juu kama padri anavyonyanyua hostia, akasema: "Sasa mugeni amekuwa mwenyeji. Lete kisanduku. Leo mie mwenyewe ninaomba kufungiwa."

Nilicheka. Nilikuwa na furaha nyingi mno kukumbuka. Nikampa ufunguo, nikageuka kuosha vikombe. Nikamsikia anasema: "Yangu itakaa chini kabisa, isitoke tena." Nikasikia kitambaa kinainuliwa.

Nilipogeuka alikuwa ameshika karte yako kwa ncha za vidole, anasoma jina polepole kama hajawahi kukuona.

Akaniuliza: "Na huyu, ni mugeni wa ngapi?"

Aliirudisha mahali pake, akaweka kitambaa, akafunga, akanipa ufunguo mkononi. Na karte yake, ile aliyokuwa ameileta mwenyewe kwa kicheko, aliirudisha mfuko wa shati akafunga kifungo. Iko huko mpaka leo. Akilala, shati lenye karte liko kwenye kiti, karibu na kichwa. Ananipenda, ananibebea maji, asubuhi ananiita bibi-arusi mbele ya majirani mpaka wananicheka, na karte yake iko mfukoni. Nikamwomba asikuambie. Akasema: "Sitamwambia. Ni wewe njo utamwambia." Hajasema tena neno juu yake. Anasubiri tu, kama alivyosubiri uwanjani na jivu usoni.

Basi nimekuambia. Fungua bahasha sasa.

Ni ile ile. Picha yako ya mashavu, uliyoichukia. Kesho iweke mahali ambapo mkono wako unafika bila kuomba mtu, na ile karatasi yenye muhuri ichane au iwashie moto jikoni, utakavyoona. Kizuizini usishushwe peke yako tena.

Sikuombi unisamehe kabla ya asubuhi, una basi la kuwahi. Na sitakuandikia kwamba nilifanya kwa upendo, ingawa ni kweli, kwa sababu nilimfanyia hivyo hivyo Kakule kabla sijampenda, kwa hiyo upendo hauwezi kuwa sababu. Nilikuwa naogopa nyumba tupu. Nyumba ya wageni inamfundisha mtu mwenye hofu ujanja mwingi: unajifunza kumfanya mtu akae kidogo zaidi, kwa chai, kwa maneno, kwa mvua inayokuja, kwa njia isiyo salama. Na mara nyingi njia kweli si salama, hapo ndipo ujanja unapopata nguvu. Utafika Kalengera, na siku moja barabara itafungwa mbele na nyuma, na mgeni aliyekuja kwa siku mbili atakaa kwako wiki tatu, anatembea uani anahesabu nguzo za ua. Atakuchosha. Atakula kwa hasira. Usimwambie hapa ni kwenu; kwao anapajua. Mwonyeshe tu kwamba mlango wako si mmoja wa ile iliyofungwa. Mwache atoke asimame barabarani atazame upande wa kwake kila asubuhi, na akirudi usifurahi mbele yake.

Na utakuwa na siku zako za upweke pia. Jioni moja mgeni mzuri atafunga begi na utasikia kitu kinavuta mkono wako kuelekea kisanduku. Ni changu kitu hicho, umekirithi kama paji la uso. Ndiyo maana kufuli haiji. Kakule ameshaifunga kwenye banda la kuku, anasema hatimaye imepata wafungwa wanaoistahili, na ufunguo umetundikwa kwenye msumari pale pale mlangoni mwa banda, mtu yeyote anaweza kuuchukua. Shingo yangu imekuwa nyepesi mpaka naishika shika. Ndani ya kisanduku weka sindano, uzi, mishumaa ya siku za giza.

Nimesikia geti. Ni wewe au ni yeye, mnatembea sawa siku hizi. Naweka barua juu ya begi lako nakwenda jikoni. Ukitaka kuja kunipigia kelele, mlango wa jikoni uko wazi. Ukitaka kulala bila kusema kitu, nitaelewa, na saa kumi na moja nitakupashia maji kama kawaida, sitasimama mbele ya geti.

Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja Kalengera, mimi na mume wangu, kwa siku mbili, siku mbili kamili. Tutabisha hodi kama watu wengine. Tupe chumba chochote. Tutaweka karte zetu mezani, yake na yangu. Andika majina kwenye daftari, halafu uturudishie hapo hapo, mkononi, na mimi nataka nisimame karibu nione uso wa Kakule wakati unamrudishia. Asubuhi ya tatu tutafunga mizigo yetu. Usituambie tukae kidogo zaidi.